Tume ya Kuchunguza Mikunjo ya Joho

Ipo nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa, ambako watu wana adabu kupita kipimo. Mbwa wa huko hawabweki, hukohoa. Ukikanyagwa mguu, wewe ndiye unayemwomba radhi aliyekukanyaga, naye akiwa mtu mkubwa anakusamehe mbele ya watu. Serikali yao na Kanisa lao ni mtu na mdogo wake: wanakula sahani moja, na mihuri yao inalala kwenye droo moja.

Hiyo mihuri ndiyo hasa ya kuelezwa. Katika nchi hiyo maneno ya mtu hayana uzito mpaka yagongwe mhuri. Barua yoyote, iwe ya kuomba kazi, ya kuomba shule au ya kuomba bomba lirudishiwe maji, sharti ipitie kwa mchungaji wa mahali, naye huigonga mhuri mmoja mpana wa zambarau wenye maneno haya: Namfahamu mwandishi. Ayasemayo ni kweli. Asaidiwe. Sheria ya nchi, kifungu cha kwanza, inasema mhuri hausemi uongo. Kifungu cha pili hakipo.

Na kwa kuwa mchungaji ana barua nyingi na macho mawili tu, imekuwa desturi kusoma kichwa cha barua, pale juu palipoandikwa YAH. Kichwa kikiwa na adabu, mhuri unashuka. Kilichomo tumboni mwa barua ni cha wenye nafasi.

Basi katika nchi hiyo, kwenye usharika wa Kilima cha Upole, aliishi mama mmoja kijana aitwaye Subilaga, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi joho la Mchungaji Ambwene. Usiidharau kazi hiyo. Joho lile jeupe lilikuwa alama ya taifa. Lilikuwa kwenye kalenda ya serikali miezi yote kumi na miwili, na Waziri wa Heshima alipenda kusema kwamba joho lililonyooka ni dalili ya taifa lililonyooka. Subilaga alilitia wanga, akalining'iniza kivulini, kisha akalipiga pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma anayebana mfuniko. Mume wake alifanya kazi kwenye mashamba ya miti mbali sana, akija mara mbili kwa mwaka. Nyumbani alikuwa yeye, pasi, na binti yake Bupe, mwenye miaka kumi na mitatu.

Bupe alikuwa akisoma mafundisho ya kipaimara, kila Jumamosi saa nne asubuhi, na mwalimu ni Mchungaji mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kuimba hata akisugua masufuria. Ghafla akaacha kuimba. Kisha akaanza kuvaa sweta. Ilikuwa kiangazi, kuku wanahema chini ya uchaga, na mtoto amevaa sweta la shule lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Subilaga alidhani ni malaria.

Jumatatu moja, Subilaga akiwa amelitandaza joho juu ya blanketi na pasi imeshika moto, Bupe akamwambia. Hakusema mengi. Alisema Mchungaji humbakisha ofisini wenzake wakishaondoka, na mlango hufungwa kwa ndani. Akasema na mengine, machache, akimtazama yule jogoo wa pasi muda wote kana kwamba ndiye anayesimuliwa. Hayo mimi siyarudii. Ni ya Bupe.

Subilaga hakumwuliza kama ana hakika. Alilisukuma joho pembeni, akamvuta mtoto kifuani, akamshika hivyo mpaka moshi ulipowatoa machozi wote wawili. Pasi ilikuwa imeachwa juu ya blanketi, nalo likaungua shimo lenye umbo la pasi, mpaka kwenye mbao za meza.

Kesho yake alikwenda kwa Kamati ya Kusikiliza.

Kamati ile ilikuwa fahari ya usharika. Wazee watano, masikio matano ya kulia yenye nishani, maana la kushoto lilihesabiwa ni la matumizi binafsi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Anyosisye, aliyemshika Bupe mikononi siku ya ubatizo, na wala hakuwa mtu mbaya. Wazee walifumba macho, wakainamisha vichwa upande mmoja, wakasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatiza. Subilaga alipomaliza walimshukuru. Katibu akaandika kwamba kikao kilisikiliza, na kwamba kikao kilifungwa kwa sala.

Subilaga akauliza kinachofuata. Mzee Anyosisye akamweleza kwa upole kwamba hii ni Kamati ya Kusikiliza, na kwamba Kamati ya Kutenda bado haijaundwa, ila jina lake limeshapendekezwa. Kwa sasa wangepeleka kapu la matunda kwa Mchungaji, kwa sababu kusikia habari kama hizi kutamchosha. Kisha akauliza kama isingekuwa vizuri mtoto naye aombe radhi kidogo, kwa ajili ya usumbufu.

"Mwanangu," alisema Mzee, akishusha sauti, "mchungaji ni mpakwa mafuta. Hagusiki."

"Mzee wangu," Subilaga akamjibu, "mimi sijamgusa mtu. Namsema aliyegusa."

Mzee akafumba macho tena, akasikiliza na hilo.

Alichoweza kushauriwa ni kuandika barua, na barua, kama kawaida, ipitie kwa Mchungaji. Akaiandika. Juu akaweka YAH: ALICHOTENDEWA MTOTO WANGU. Mchungaji Ambwene alikisoma kichwa hicho akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, mtu mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza kama ya mtu anayewanywesha wagonjwa uji. Akamrudishia. Alisema kichwa hiki kina homa, akakipoze kwanza, kisha akamwuliza hali ya Bupe na kwa nini haonekani kwenye mafundisho. Subilaga alirudi nyumbani akitembea upande upande wa njia kama mtu aliyesahau miguu inavyofuatana.

Akaenda polisi. Huko alimkuta Afande Tumpe, mwanamke wa makamo, ambaye alisimama kutoka kitini, akafunga mlango, akamsikiliza kwa masikio yote mawili. Subilaga alipomaliza, Afande aligonga kalamu mezani.

"Mimi nimekuamini, mama," alisema. "Lakini jalada la mtu wa joho halifunguki bila mhuri wa Kanisa. Niletee mhuri, hata uwe umegongwa juu chini. Nitafungua siku hiyohiyo."

Ukitazama vizuri utaona mpango ulivyosukwa. Kulia mhuri, kushoto mhuri, na mhuri uko kwenye droo ya Mchungaji Ambwene.

Wakati huohuo ikaja habari njema, maana nchi hiyo haikosi habari njema. Katika Sikukuu ya Mavuno, wiki tatu mbele, Baba Askofu angekuja mwenyewe kumsimika Mchungaji Ambwene kuwa Mlezi Mkuu wa Mafundisho ya Watoto wa nchi nzima. Subilaga alishangaa, lakini ni kwa sababu hakujua utaratibu. Mchungaji akilalamikiwa mara ya kwanza, huhamishwa apumzike. Mara ya pili huhamishwa mbali zaidi, apumzike zaidi. Mara ya tatu hupandishwa, kwa kuwa mtu aliyevumilia malalamiko matatu bila kutikisika ameonyesha ukomavu. Kilima cha Upole kilikuwa usharika wake wa tatu. Vitabu vya shule vilikuwa na methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Wizara ya Heshima iliifuta mwaka juzi kwa kukosa matumaini.

Watoto wa nchi nzima. Subilaga alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akayapika na mboga. Bupe hakwenda tena kipaimara, lakini wengine walikwenda, na kila Jumamosi kengele ya saa nne ilipolia alihisi kama imefungwa shingoni mwake. Jumamosi ya kwanza alichukua kigoda na kapu la nguo, akaenda kuketi nje ya mlango wa ofisi, akazihesabu sketi zilizoingia darasani na kuhakikisha zimetoka zote. Hakuna aliyebakishwa siku hiyo. Jumatatu akaletewa onyo la maandishi kwa kosa la kukaa bila kibali.

Jumamosi ya pili hakukaa. Onyo lilikataza kukaa, halikukataza kuzunguka. Alilizunguka kanisa mara arobaini na moja, kandambili zikipiga vumbi, na kila alipofika dirisha la ofisi alikohoa kama mbwa wa nchi hiyo. Wanawake waliokuwa wakipanga maua walimtazama. Mmoja akasema Mama Bupe amepata wazimu wa jua. Mwingine, mwimbaji wa kwaya aitwaye Mama Lugano, alimtazama, na Subilaga alipofika mzunguko wa thelathini akamletea maji.

Jioni hiyo joho lilikuwa limefuliwa, linasubiri. Subilaga alipuliza mkaa ukawaka. Alimbana jogoo wa pasi, akaiinua kwa mpini, akaishusha hadi pumzi moja kutoka kwenye kitambaa, na mkono ukagoma. Hakuwa ameamua. Alijaribu mkono wa kushoto, nao ukakataa. Basi akalikunja joho vilevile lilivyokauka, akalipeleka kanisani, akaliacha sakristia.

Jumapili Mchungaji Ambwene alipanda madhabahuni akiwa na mikunjo.

Mtoto alikuwa amefungiwa mlango kwa miezi, na nchi ililala usingizi. Mikunjo ilionekana saa tatu asubuhi, na saa sita, kabla watu hawajasonga ugali, Tume ya Kuchunguza Mikunjo ya Joho ilikuwa imeshaapishwa. Wajumbe tisa, akiwemo profesa wa jiometri, meja mstaafu na bingwa wa ramani. Walilitandaza joho kwenye meza ya mikutano, wakavaa glavu. Walikuta mikunjo kumi na saba, mikubwa na midogo, na ule mkubwa, uliotoka bega la kushoto hadi gotini, wakaupa jina na kuuchora kwenye ramani kama mto. Redio iliahirisha salamu za wagonjwa ili kusoma vipimo. Shule zilifungwa nusu siku. Jioni Waziri wa Heshima alihutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilitetemeka, "mikunjo haiji yenyewe. Nyuma ya kila mkunjo upo mkono. Nasi hatutapumzika, nasema hatutapumzika, mpaka tuujue mkono huo na kilichousukuma!"

Subilaga, aliyekuwa akimenya viazi, alisema moyoni kwamba leo Waziri hajakosea hata neno.

Jumatatu ikaja amri. Mtuhumiwa wa mikunjo, yaani dobi wa joho, aandike barua ya kujieleza, kwa nini asichukuliwe hatua. Barua ipitie kwa Mchungaji, igongwe mhuri. Na kwa kuwa joho ni mali ya waumini wote, barua isomwe kwenye matangazo siku ya Mavuno mbele ya Baba Askofu, tangu kichwa hadi mhuri, bila kurukwa neno. Hati yenye mhuri ikishaanza kusomwa katika nchi hiyo haikatizwi. Mtu wa mwisho kupiga chafya katikati ya hati bado anaandika barua.

Subilaga aliisoma amri mara tatu akiwa amesimama, kisha akatembea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Halafu akaketi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamwita mtoto.

Alimwonyesha karatasi tupu. Akamwambia kwamba watu wakubwa wamemtaka aseme kwa nini joho lina mikunjo, na kwamba hajui sababu nyingine isipokuwa ile moja. Lakini sababu ile si yake peke yake. Bupe akisema isiandikwe, haitaandikwa, na watatafuta njia nyingine, hata kama ni kutembea kwa mguu hadi nchi ya pili.

Bupe alivuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole. Nje kuku alikuwa akichakura.

"Usiandike jina langu," alisema mwishowe. "Na usiandike alichofanya."

"Niandike nini, mama yangu?"

"Andika kwamba alifanya."

Subilaga akaandika. Alikuwa amejifunza kuandika barua kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, kule ambako mwalimu alikuwa akisema ukweli mmoja utoshe aya moja. Alifuta mara nyingi, akachana karatasi nne, na mtoto akawa anachonga penseli kila inapobutuka. Juu akaweka YAH: SABABU ZA JOHO KUWA NA MIKUNJO. Hakikuwa na uongo, na hakikuwa na homa.

Mchungaji Ambwene alikuwa katika furaha ya msafiri siku alipopelekewa. Ofisi ilijaa masanduku ya kuhamia makao makuu. Alikitazama kichwa cha barua, akatabasamu, akasema ameona adabu imerudi. Subilaga alisimama karibu na mlango, ule mlango, akiwa ameushika ubao wake ili usijifunge.

"Unaona sasa, Mama Bupe?" alisema Mchungaji, akifungua droo. "Mtu akinyenyekea, mambo yananyooka. Umeandika yote?"

"Yote ya kwangu kuandika, Mchungaji."

"Umejuta?"

"Nimejuta sana. Nimejuta kulinyoosha miaka yote hiyo."

Lakini Mchungaji alikuwa akipuliza wino na hakusikia vizuri. Alipitisha jicho mstari wa pili, ambao ulisema husika na kichwa cha habari hapo juu, akapima urefu wa barua kwa kidole, akaona ni fupi, jambo lililompendeza. Mhuri ukashuka. Meza ikatikisika. Akaagiza kwa mkono wake, pembeni mwa ukurasa, kwamba isomwe kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, iwe fundisho kwa akina mama wengine.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mbele yalipangwa maboga, mikungu ya ndizi na magunia ya maharage. Baba Askofu alikalia kiti chenye mgongo mrefu kuliko wa viti vyote. Waziri alikuwapo, Tume ilikuwapo na ramani yake. Mchungaji Ambwene alivaa joho lilelile, limepigwa pasi na watu sita kutoka wizarani, nalo lilikuwa na harufu ya kuungua. Afande Tumpe aliketi safu ya tatu na sare yake, kwa sababu watoto wake wanaimba kwaya. Subilaga aliketi nyuma. Bupe alibaki nyumbani kwa mama yake mkubwa, kwa hiari yake.

Matangazo yalisomwa na Katibu wa usharika, Ndugu Gwamaka, mtu mwenye sauti ya kengele na asiyebagua hati. Alisoma ndoa, alisoma msiba, alisoma mbuzi aliyepotea mwenye baka jeusi, yote kwa sauti moja. Kisha akainua barua ya Subilaga, akasoma.

"Yahusu, sababu za joho kuwa na mikunjo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi Subilaga, dobi wa joho, nakiri kwamba sikulipiga pasi. Mikono yangu ilikataa. Ilikataa kwa sababu Mchungaji Ambwene, anayelivaa joho hilo, amemdhuru mtoto wa mafundisho ya kipaimara, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani."

Hapo Ndugu Gwamaka alipepesa macho, lakini alikuwa mtu wa hati, na hati ilikuwa na mhuri. Akaendelea, sauti ileile ya mbuzi aliyepotea.

"Alichomtendea sikiandiki. Hicho ni cha mtoto, na atakisema kwa daktari, kwa polisi na kwa hakimu, atakapokuwa tayari, si kwenye matangazo. Mniite mbaya mimi, lakini mtoto msimguse. Sijaomba Mchungaji apigwe wala atukanwe. Nimeomba asikae na watoto wakati mambo yake yanachunguzwa, na wachunguzi wasiwe watu wa sahani yake. Nimeomba asihamishwe, kwa maana kule anakohamishiwa nako kuna watoto. Ninalipenda Kanisa hili. Nilibatizwa hapa. Lakini tumelinyoosha joho mpaka tumesahau kuna nani ndani yake. Ni mimi, Subilaga."

Mchungaji Ambwene alikuwa amesimama tangu mstari wa tatu. Alifungua mdomo. Baba Askofu alinyanyua fimbo. Waziri alinyanyua mkono. Wote watatu wakakumbuka sheria ya hati kwa pamoja, wakabaki hivyo, mmoja mdomo wazi, mmoja fimbo juu, mmoja mkono juu, kama picha ya ukumbusho, huku Ndugu Gwamaka akimalizia kwa utulivu:

"Pembeni, kwa mkono wa Mchungaji: isomwe kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, iwe fundisho. Na mhuri: Namfahamu mwandishi. Ayasemayo ni kweli. Asaidiwe."

Akakunja karatasi. Na kwa kuwa mazoea yana nguvu kuliko mtu, akauliza kama anavyouliza kila Jumapili:

"Kuna nyongeza?"

Lilisikika boga moja likibiringika kutoka kwenye rundo, likashuka ngazi ya kwanza, likashuka ya pili, likasimama. Hakuna aliyeliokota. Subilaga alingoja watu waanze kuguna, wamgeukie, wamwite mchawi. Badala yake Mama Lugano, yule wa kwaya, alisimama polepole katikati ya waimbaji wa sauti ya kwanza, na joho lake la kwaya.

"Wa kwangu naye," alisema, "tangu mwezi wa pili anavaa sweta."

Akakaa. Upande wa kina baba mtu mmoja akasimama, kofia mkononi, akasema wa kwake pia, na yeye alimchapa kwa ajili ya sweta hilo, akidhani ni ukaidi. Akasimama mwingine. Mzee Anyosisye aliinuka wa nne, akishikilia bega la jirani, akavua ile nishani ya sikio, akaiweka juu ya magunia ya maharage.

"Mimi nilisikiliza," alisema. "Sikusikia."

Baba Askofu hapo alipata sauti. Alisema kwa maneno mazito kwamba Kanisa limepitiwa na jaribu, kwamba majira hayaruhusu haraka, kwamba lipo jambo la kupima kati ya mhuri kama mhuri na mhuri kama maana. Akamgeukia Waziri, akamwuliza kwa kunong'ona kifungu cha pili kinasemaje. Waziri akamkumbusha kwamba hakipo.

Afande Tumpe alikuwa ameshafika mbele. Alimwomba Ndugu Gwamaka karatasi, akautazama mhuri, wala haukuwa juu chini. Akamwambia Mchungaji, kwa adabu yote ya nchi hiyo, kwamba joho anaweza kuliacha hapo.

Kesi iko mahakamani, nami siitangulii. Ninachoweza kueleza ni yaliyofuata. Tume ya Mikunjo ilitoa ripoti ya kurasa mia nne, na pendekezo lake la kwanza lilikuwa wachungaji wafundishwe kusoma barua hadi mwisho. Watu walicheka, kisha wakaona si pendekezo baya. Waziri alikata utepe kuzindua kioo kwenye mlango wa ofisi ya usharika, akakisifu kuwa kioo cha kwanza cha aina yake, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko ujenzi. Kapu la matunda sasa hupelekwa nyumba za watoto waliodhuriwa, na hapelekewi mtu kabla ya kuulizwa anataka nini. Mzee Anyosisye huingia nyumba hizo bila nishani, anaketi chini. Bado wapo wanaosema Subilaga angeyamaliza mambo kimya kimya, na wanaposema hivyo hukohoa. Barua za malalamiko hazipitii tena kwa anayelalamikiwa, jambo ambalo wataalamu wanasema lilichukua miaka sitini kugunduliwa.

Na Jumamosi moja, kengele ya saa nne ilipolia, Subilaga alikuwa akipiga pasi gauni la shule. Joho hakulipiga tena, wala hakuombwa. Kule kanisani mafundisho yalifundishwa na kina mama wawili, milango wazi, na Bupe alikuwa ameambiwa atarudi siku atakayotaka yeye, au asirudi. Leo hakutaka. Alikuwa ameketi kizingitini akikoboa mahindi, na lile sweta lilikuwa limetundikwa msumarini.

"Mama."

"Bee."

"Wote wananiamini sasa kwa sababu ya mhuri."

"Ndivyo walivyo."

"Na wewe? Uliniamini lini?"

Subilaga aliinua pasi, akaiweka wima pembeni. Akalivuta lile gauni, na chini yake blanketi likaonekana, lilelile, na lile shimo jeusi lenye umbo la pasi, ambalo hakuwa amelitia kiraka.

"Njoo ulitazame," alisema. "Hili liliungua hujamaliza hata kusema."

Bupe alikuja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa shimo, akalizunguka lote, taratibu, mpaka pale ncha ya pasi ilipokuwa imeelekea. Kisha akarudi kizingitini kwenye mahindi yake. Baada ya muda Subilaga alisikia wimbo, akadhani ni redio ya jirani, akaishikilia pasi hewani ili asikie vizuri. Haikuwa redio.